Mguu wa Nne

Tangi lililoua watu watatu lilikuwa juu ya meza ya chakula, likisubiri vanishi. Kimo chake hakikuzidi chupa mbili za soda zilizobebana. Miguu yake minne ilikuwa vijiti vya plastiki, ngazi yake waya wa shaba, na kibanda cha mlinzi kilichosimama chini yake kingeweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Kwa wiki mbili hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe kwenye meza ile. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayakuwa na nguvu ya kubeba sahani, alikuwa amekwisha kulisema hilo mara kadhaa.

"Katika nyumba hii tangi linakaa mezani, watu tunakula magotini," alisema tena siku hiyo, na mkamwana wake akacheka bila kuinua kichwa.

Mtaani walimwita Mama Vijidude. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mifano midogo ya vitu vikubwa: nyumba ambazo hazijajengwa, meli, mabehewa, viwanda. Wapo wengine waliojua kukata na kugundisha. Yeye sifa yake ilikuwa kuchakaza. Aliweza kuchukua lori jipya la plastiki na kulipa miaka thelathini kwa siku tatu. Alizimua rangi ya kahawia mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi, akaipitisha kwenye maungio na kuzunguka kila ribiti, kisha akafuta juu kwa kitambaa ili uchafu ubaki pale ambapo uchafu hupenda kukaa. Mwisho alipuliza vanishi isiyong'aa, na mng'ao wote ukafa. Majirani walishangaa kwamba mtu mzima anaweza kuishi kwa kuzeesha vitu wakati wenzake wote wanahangaika kuvifanya vionekane vipya.

Lakini tangi hili halikutaka kuchakazwa. Karani wa tume ya uchunguzi alikuwa amemletea picha sita na barua iliyosema mfano uwe kama tangi lilivyokuwa siku lilipoanguka, bila kuongeza wala kupunguza. Picha zilipigwa mwezi mmoja kabla ya ajali, na ndani yake tangi la kiwanda liling'aa kijani kama jani lililonyeshewa. Vyuma vyenyewe havikuwapo tena. Kiwanda kiliviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wiki ile ile ya mazishi. Zilibaki picha, na yatakayosemwa.

Na yaliyokuwa yakisemwa ni kwamba kosa lilikuwa la mlinzi. Kiwanda kilieleza kwamba mlinzi alilala na kuacha pampu ikiendelea, maji yakafurika, udongo chini ya mguu mmoja ukalainika, na tangi likaegemea upande. Mlinzi alikufa ndani ya kibanda chake pamoja na wapakiaji wawili waliokuwa wamejikinga jua hapo. Kwa hiyo hakuwapo wa kubisha.

Mume wa Mama Vijidude ndiye aliyelipaka rangi tangi lile, miezi minne kabla halijaanguka. Halikuwa jambo la siri. Alikuwa fundi wa rangi wa vibarua vya siku, asiye na karatasi wala mkataba, na watu walimtania kwa jina la Rangi Mbili kwa sababu hakukubali kuondoka kwenye ukuta wa mtu kabla hajaupaka mara ya pili. Tangu ajali ile alikuwa amepungua maneno. Mkewe alidhani ni huzuni, maana mlinzi walikuwa wakijuana; kila siku ya kazi mlinzi ndiye aliyemshikia ngazi. Lakini sasa kulikuwa na jambo jingine. Kila aliporudi nyumbani na kuukuta ule mfano mezani alisimama mlangoni, akautazama, kisha akasema hana njaa na kwenda kukaa uani.

*

Msimamizi wa kiwanda alikuja siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Alisema alikuwa akipita tu, ingawa nyumba yao ilikuwa mwisho wa njia na hakuna aliyewahi kupita tu hapo. Mama mkwe alimtolea kikombe chenye sahani yake. Kiti kizuri kilikuwa kimoja, akakikalia mgeni, na mwenye nyumba akabaki amesimama na mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Msimamizi aliinama akauzunguka ule mfano, akausifu. Akasema mikono ya namna hii ni ya kupelekwa mbele. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, akauliza kama kazi imekwisha, au bado anakusudia kuupaka ule uchafu wake maarufu.

Mama Vijidude alimjibu kwamba ataongeza vumbi kidogo kwenye nguzo na ngazi, basi, kwa sababu picha zinaonyesha hivyo.

"Hata vumbi, mama, usijisumbue," alisema msimamizi. "Tangi lilikuwa zuri. Wewe lifanye zuri."

Halafu akamgeukia mume na kumwita kijana, ingawa mvi za mume zilikuwa nyingi kuliko zake. Akasema kiwanda kinataka kupakwa rangi chote: maghala, ofisi, ukuta wa nje. Ni kazi ya mwaka mzima, na safari hii itakuwa na mkataba. Alikuwa amemfikiria yeye kwanza, kwa vile ni mtu anayefanya kazi yake bila maneno mengi. Mume alisema ahsante. Alisema mara mbili. Msimamizi alimgonga begani, akanywa chai nusu, akaenda zake.

Mama mkwe alifurahi mpaka akasahau magoti yake. Alisema Mungu akifunga mlango mmoja huacha mwingine wazi, na akaanza kupanga jinsi watakavyobadilisha mabati ya jikoni. Mwanawe alitoka akaenda uani. Mama Vijidude aliketi tena mezani, akachovya brashi yake nyembamba na kuanza kupitisha rangi nyepesi kwenye mguu wa nne, ule wa upande wa mfereji. Aliisikia hatua ya mumewe ikirudi, ikasimama nyuma ya kiti chake.

"Huo mguu haukuwa hivyo," alisema mume.

"Picha hii hapa. Uko hivi hivi."

"Picha ilipigwa baada yangu."

Mama Vijidude aliweka brashi chini. Mumewe akavuta kigoda, akakaa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusimulia, alisimulia vibaya, akianzia mwisho na kurudi nyuma. Alikuwa ameanza kukwangua mguu ule kwa brashi ya waya, kama kawaida, na kutu ikawa inatoka kwa magamba makubwa kama maganda ya mti. Maji machafu ya kiwanda yalipita kwenye mfereji pale chini miaka yote. Karibu na sakafu alijaribu chuma kwa bisibisi, na bisibisi ikazama mpaka mpinini. Alimwita msimamizi, akamwonyesha, akaomba mchomeleaji aje kwanza. Msimamizi alisema wageni wanakuja keshokutwa na wanataka kuona kijani. Alimwambia azibe, apake, na kama hawezi, watu wa kupaka wamejaa barabarani.

"Nikaziba kwa puti," alisema. "Nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini. Nikapaka. Hata mimi niliporudi nyuma kuitazama sikuweza kuona shimo lilipokuwa."

Mkewe alimwuliza kwa nini hakumwambia hata yeye. Alisema alitaka kumwambia siku ya kwanza. Siku ya pili ikawa ngumu kidogo, na baada ya mazishi ikawa haiwezekani. Alimwuliza pia kama mlinzi alijua. Hapo mume alizitazama kucha zake zilizokuwa na rangi ya ukuta wa watu wengine.

"Aliniuliza limepona? Nikamwambia limepona."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kile kikombe cha mgeni mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba waliokufa wamekufa, wala hakuna atakayefufuka kwa sababu mwanawe amefungwa. Alisema msimamizi atakana, na kati ya neno la msimamizi na neno la kibarua, wote wanajua lipi litapewa kiti. Kisha akamwambia mkamwana wake, kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali, "Wewe ulipewa picha, mwanangu. Fuata picha."

*

Aliifuata picha. Siku mbili nzima hakuinuka pale mezani. Alimaliza vumbi, akapuliza vanishi, akaandika jina la kazi chini ya kibao. Alijiambia yeye ni fundi, hakimu ni mwingine. Mumewe naye hakumshawishi kwa lolote, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, maana angemshawishi angepata wa kumkasirikia.

Lilikuwa limebaki jambo moja dogo. Picha hazikuonyesha ndani ya kibanda, na yeye hakuzoea kuacha chumba kitupu hata kama hakuna atakayechungulia. Akaenda kwa mjane wa mlinzi kumwuliza mumewe alikaa vipi mle ndani.

Mjane alimpokea vizuri, jambo ambalo hakulitarajia, na baadaye akaelewa sababu: hakuna mtu mwingine aliyekuwa akija. Alimweleza kila kitu. Kiti kilielekea dirishani. Saa ilitundikwa kwa kamba kwenye msumari, na chini yake kulikuwa na daftari la pampu. Kila nusu saa alitoka kutazama kipimo cha maji na kuandika, hata siku za mvua, na alipolala nyumbani alikuwa akishtuka kwa ile ile nusu saa, mpaka walikuwa wakimcheka. Daftari lenyewe kiwanda kilisema halikupatikana.

"Shuleni wanamwambia binti yangu kwamba baba yake aliua watu kwa usingizi," alisema mjane. "Amerudi kuniuliza. Nami nimekaa naye miaka kumi na saba, sikumwona akilala mchana. Lakini sikuwepo, dada yangu. Nitamwambia nini mtoto kwa kitu ambacho sikuwepo?"

Mama Vijidude alisema pole. Lilikuwa neno dogo, na alilisikia likianguka sakafuni. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, akapita sebuleni bila kuvua viatu, akachukua spiriti ya kusafishia brashi na kitambaa, akaanza kuifuta rangi ya kijani kwenye mguu wa nne. Mumewe alipoingia na kumkuta hivyo, alivuta kigoda bila kuuliza.

Wakaifanya pamoja. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa, wote wawili wakiishi kwa brashi, hawakuwahi kupaka kitu kimoja. Yeye alipaka kahawia yenye wekundu. Mume akatikisa kichwa akasema hiyo ni kutu ya sinema, kutu iliyolowa haina rangi ya chungwa, ni nyeusi kama ini lililokaa. Mke akaongeza nyeusi. Mume akasema magamba yawe upande wa mfereji tu, upande wa pili ulikuwa mzima mpaka gotini. Mke alitoboa shimo kwa sindano iliyopashwa moto, akalijaza chembe ya puti nyeupe. Juu ya kutu akapuliza vanishi ili isiguswe tena na kitu. Juu ya vanishi akapuliza dawa ya kulaza nywele, na juu ya hiyo, siku ya kikao cha tume asubuhi, rangi ya kijani ya maji, mpaka mguu ukawa mzuri kama ulivyo kwenye picha. Rangi iliyopakwa juu ya dawa ya nywele hushika, lakini ikiguswa na brashi iliyolowa maji hulegea na kutoka vipande vipande. Mafundi wa kuchakaza huitumia hila hiyo kila siku.

"Wakikufunga?" aliuliza mke, akiwa bado ameinama.

"Utaniletea sabuni," alisema mume. Hakuwa anatania, lakini wote wawili walicheka, na mama mkwe chumbani kwake akasikia, akageukia ukuta.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki. Mjane wa mlinzi alikaa mstari wa mbele, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu. Msimamizi alikuwa na wakili. Alipouona mfano ukiingizwa, kijani tupu, alimwinamia wakili na kumnong'oneza kitu, akaegemea kiti.

Mwenyekiti wa tume alimwuliza Mama Vijidude kama kielelezo kinafanana na picha. Akajibu kwamba kinafanana. Aliulizwa kama kinafanana na tangi lilivyokuwa siku ile. Akasema picha huonyesha rangi, na aliyeona kilichokuwa chini ya rangi ni mtu mwingine, yupo hapa, wala hakuitwa kwa sababu hakuna karatasi yenye jina lake. Wakili alisimama kupinga. Mwenyekiti, mzee mwenye kikohozi, alimwambia akae, ana maji ya kutosha na muda wa kutosha.

Mume alipita mbele. Aliomba radhi, akachovya brashi ya mkewe kwenye glasi ya maji ya mwenyekiti mwenyewe, na kuanza kuugusa mguu wa nne, polepole, toka juu kwenda chini. Kijani kikavimba, kikapasuka, kikaanguka juu ya kibao kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Chini yake ikatokea ile nyeusi. Watu wa nyuma walisimama ili waone. Alipofika karibu na sakafu alisita, na mkewe akadhani ataishia hapo. Akagusa. Ikaonekana nukta nyeupe, ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika.

"Hii ni puti," alisema. "Niliiweka mimi. Chini yake hapakuwa na chuma. Nilimwonyesha msimamizi kwa mkono wangu, akaniambia niifunike, nami nikaifunika. Mlinzi hakulala. Mlinzi aliniuliza kama limepona."

Msimamizi alisema huyu mtu hamjui. Sentensi hiyo iliandikwa. Lakini mume alikuwa ametaja mahali penyewe kwa usahihi mno, na mwenyekiti akaagiza watu waende kwa mnunuzi wa vyuma kabla ya jioni. Vyuma virefu vilikuwa vimeshakatwa na kuyeyushwa. Nyayo nne za tangi, kwa kuwa zilikuwa na zege, hazikuwa na mnunuzi. Zilikuwa zimetupwa nyuma ya banda. Moja yao ilikuwa na puti ngumu ndani ya kutu, na kijani juu yake, tabaka mbili.

Watu walipotoka ukumbini mjane alisimama mlangoni. Mume alitaka kumpita akiwa ameinamisha macho, lakini mlango ulikuwa mwembamba.

"Ulikuja msibani," alisema mjane. "Ulikula kwangu."

Akampisha.

*

Yaliyofuata yalichukua karibu mwaka. Jina la mlinzi likasafishwa kwa barua yenye muhuri, ambayo mjane aliipeleka shuleni na kumwomba mwalimu mkuu aisome mbele ya wanafunzi wote, ikasomwa. Msimamizi alifungwa. Mwenye kiwanda aliamriwa kuwalipa waliofiwa. Mume alipewa kifungo cha nje, na kila asubuhi kwa miezi kumi na miwili alifagia uwanja wa hospitali akiwa amevaa fulana ya rangi ambayo kila mtu aliijua maana yake. Hakimu alisema angempa zaidi, lakini ni yeye aliyekuja mwenyewe.

Mtaa haukuwa na huruma kama ya hakimu. Jina la Rangi Mbili likafa, wakamwita Puti. Waliokuwa wakimwita kupaka vyumba vyao sasa walisema watamjulisha. Mama Vijidude alipoteza wateja wawili wa majengo, ambao hawakutaka fundi mwenye mume wa mahakamani. Kuna siku, akimfulia mumewe shati, alilia kwa sababu tu sabuni ilikuwa imebaki kipande. Mama mkwe, aliyekuwa amewanunia tangu siku ya kikao, alitoka chumbani akaichukua ile nguo mikononi mwake akaifua yeye, akisema tu kwamba watu wa siku hizi hawajui kusugua kola.

Kifungo kilipokwisha, hata wiki haijapita, binti wa mjane alileta ujumbe mlangoni. Mama yake alikuwa na geti la chuma na madirisha mawili ya nondo. Alitaka yapakwe. Alikuwa amesema aje fundi mwenyewe.

Mume alikaa na ujumbe ule siku nzima. Mkewe akamwambia atakwenda naye, wakagawana vifaa njiani, yeye akabeba brashi za waya na mume akabeba ngazi. Mjane aliwafungulia. Alimsalimu mke, akampa kiti kivulini, na kwa mume akanyoosha kidole tu kuelekea geti. Mume aliianza kazi bila kusalimiwa. Alikwangua siku hiyo yote, mpaka vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi, na mkewe alipoona geti ni kubwa akaacha kiti akashika brashi ya pili, akazifuata kona, ambazo yeye alizijua kuliko mtu yeyote.

Siku ya pili, karibu saa nane mchana, chuma kilikuwa kijivu kitupu toka juu mpaka bawabani. Mume alirudi nyuma hatua tatu, akatazama. Akafungua mkebe wa rangi, akaukoroga kwa kijiti, kisha hakuchovya. Akaenda kugonga mlango, akasema kwa heshima kwamba kama shemeji ameridhika, wangeweza kuanza kupaka.

Mjane alitoka akiwa anajifuta mikono. Alipita mbele yao wote wawili, akaweka kiganja juu ya chuma na kukishusha taratibu, nondo kwa nondo, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Alipofika chini alipiga goti moja. Akaingiza kidole nyuma ya bawaba, mahali ambapo hata Mama Vijidude hakuwa amepaona, akakitoa na kukitazama. Kilikuwa na wekundu kidogo.

Alimwinulia mume macho, kwa mara ya kwanza tangu pale mlangoni mwa ukumbi.

"Bado, shemeji," alisema.

"Bado," mume alikubali. Akaufunika mkebe, akapiga goti kando yake, akaiomba brashi ya waya.